Nzi wa Arkhip

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kumpiga Arkhip Zhurba makofi, na hakuna hata moja lililomgusa. Jukwaani, katika Jumba la Utamaduni la wachimbaji, mimi nilikuwa bwana mwenye suti nyeupe, yeye fala mwenye viatu vikubwa. Nzi anatua shavuni mwake. Napitisha kiganja mbele ya pua yake, naye anagonganisha viganja vyake chini, usawa wa tumbo. Ukumbi unavunjika mbavu. Siri yote ni hiyo: mlio wa kofi hutoka kwa anayepigwa.

Kisha Usovieti ukafa, migodi mikubwa ikafungwa, na ukumbi wetu ukawa soko la mitumba. Mimi nikauza soksi. Arkhip, ambaye sururu pekee aliyowahi kushika ilikuwa ya kadibodi, akachimba shimo nyuma ya banda la kuku la mama mkwe wake, akakuta makaa ya mawe. Injini ya gari bovu ikawa winchi ya kuvutia kamba. Beseni la kuogea, la chuma, likawa ndoo ya kupandishia makaa. Fala akawa tajiri mwenye vibarua, na mimi akaniweka kwenye winchi.

"Umenipiga vya kutosha," aliniambia. "Sasa nivute."

Kosenko alikuja Jumapili moja ya Januari, vibarua wakiwa kwao. Mashimo ya upande wetu wa Donbas, bonde la makaa, yalikuwa yake, na yasiyokuwa yake yalikuwa yanangoja zamu. Jirani yetu Panko alimkatalia. Watu wa Kosenko walimvunja magoti kwa nyundo yake mwenyewe, wakamtupa shimoni mwake.

"Hili langu," Arkhip akamwambia. "Wewe kachimbe kwa mkweo."

Dereva wa Kosenko, pande la mtu aitwaye Tymish, alimpiga kitako cha bastola kwenye paji la uso. Arkhip akaanguka, safari hii bila ufundi. Wakamfunga mikono nyuma kwa waya, wakampigisha magoti kwenye theluji. Kosenko akasimama nyuma yake, kwenye mdomo wa shimo, amemkamata kola ili amvute ndani akitaka. Kisha akanikodolea macho.

"Wewe si yule wa suti nyeupe?"

"Ndiye, bosi."

"Nilikuja kuwaona nikiwa mdogo. Baba alikuwa amelewa, akaniburuta nje hamjamaliza. Mpaka leo sijui yule nzi aliishia wapi."

"Mahali pazuri tu, bosi."

"Basi mpige. Mpige mpaka aseme shimo ni langu. Ukigoma, Tymish atakupiga wewe, na Tymish hana utani."

Nikapitisha kiganja mbele ya pua ya Arkhip, kama zamani. Kofi halikulia. Mikono yake ilikuwa kwenye waya. Tymish akaniangalia kama mteja aliyeuziwa soksi moja, akaniwekea bastola sikioni.

"Zamani makofi yenu yalikuwa yanalia," alisema Kosenko.

Nikampiga kweli. Mlio haukufanana kabisa na wa jukwaani, ulikuwa mfupi, wa majimaji. Arkhip akatema jino.

"Nzi bado yupo, bwana," akasema. Ndivyo alivyokuwa akisema jukwaani.

Nikampiga tena. Sikio likachuruzika damu. "Bado yupo, bwana." Nilimwomba kwa macho aseme neno moja tu, twende zetu tukauze soksi. Yeye akanipa shavu la pili. Niliendelea mpaka mfupa wa kidole changu ukalia kwenye taya lake, na Kosenko anacheka, machozi yanamtoka, kama mtoto.

"Nzi amehama, bwana," Arkhip akasema.

Nikainua mkono tena. Jukwaani, hapo ndipo fala huinama kufunga kamba ya kiatu, na kofi humpata aliye nyuma yake.

"Amehamia wapi?" Kosenko akauliza, akisogeza uso mbele. Alitaka kujua kwa dhati.

Arkhip akainama. Nikamzungushia Kosenko mkono wangu wote wa winchi kwenye taya. Kola ikachanika, akaenda nayo. Huko chini beseni likaitika.

Risasi ya Tymish ilinitoboa kiganja kile kile. Nikakaa kwenye theluji nikimngoja amalize. Yeye akachungulia shimoni.

"Bosi?"

Akachungulia tena.

"Kumbe ndivyo inavyoisha," akasema.

"Ndivyo."

Akajikuna pua, ambayo ilikuwa imepinda. "Hii alinivunja yeye, kwa sababu ya chai kupoa. Lifukieni. Wakiniuliza, bosi kaenda Rostov."

"Shimo langu?" Arkhip akasema. "Ndugu yangu, makaa yamejaa humo."

Tymish akamfungua waya, akampa sepetu, na bastola akabaki nayo yeye.

Tulifukia mpaka jioni, mimi kwa mkono mmoja. Mawe, theluji, winchi yenyewe, mwisho banda la kuku. Arkhip alilia kila sepetu ilipoangusha mzigo.

"Nilipokuwa nakuvunja meno hukulia," nikamwambia.

"Pale hukufanya vibaya," akasema kwa mdomo uliovimba. "Ila kofi la pili uliwahi mno. Nzi alikuwa hajatua."