Sikio la Mama Chiriku

Mama Chiriku alikuwa anafunga kitambaa kichwani, tayari kwenda kazini, sikio lake la kushoto lilipomdondokea kiganjani. Halikutoa damu wala halikuuma; lilibanduka kama kifungo kilicholegea uzi. Alilifuta kwa upindo wa gauni, akaliweka juu ya mto, karibu na kichwa cha binti yake aliyekuwa bado amelala.

Mama mkwe wake, aliyekuwa na masikio mazito, alisimama mlangoni akalitazama.

"Naliacha hapa, mama," Mama Chiriku alimwambia kwa sauti kubwa.

"Vizuri. Angalau nyumba hii itakuwa na sikio linalofanya kazi."

Mtoto alikuwa na pumu. Siku chache kabla ya hapo ilimbana akiwa peke yake chumbani, bibi yuko uani anachambua mboga, asisikie kitu. Mama aliporudi jioni alimkuta midomo imebadilika rangi. Mtoto alipona. Mama hakupona. Alishinda kiwandani akishona kola za mashati, moyo uko juujuu, akijilaumu kwa kila mshono.

Sasa sikio la kulia lilisikia ngurumo za cherehani, na la kushoto likasikia nyumbani: maji yakimiminwa, ndara za bibi, na mtoto, ambaye hakuitwa Chiriku bure, akiongea bila kituo. Mtoto alikuwa amezoea kusogeza mdomo kwenye sikio pale juu ya mto. "Mama, nimevaa viatu mwenyewe. Mama, bibi amejificha anakula sukari." Mama Chiriku alicheka peke yake, na kola zikapita chini ya sindano.

Haukupita muda mrefu, wanawake wengine nao wakaanza kuja kazini na sikio moja. Uongozi ulitangaza kwamba kila mmoja afunge kitambaa vizuri, wateja wasije wakaona.

Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, Mama Chiriku alisikia pumzi ya mtoto ikitoa mluzi mwembamba. Alizima cherehani, akamwendea msimamizi.

"Kaka, naomba ruhusa. Mtoto anabanwa."

"Nani amekuletea habari?"

"Sikio langu."

Msimamizi alifikiri kidogo. "Hilo sikio limetoka bila ruhusa. Saa za kazi mwili mzima unatakiwa uwe hapa. Nimekunyamazia tu."

"Anabanwa, kaka."

"Na mimi nabanwa na oda. Ukitoka, usirudi. Kuna wenzako wanasubiri getini."

Alirudi kukaa. Alishona huku akisikia kila pumzi. Alisikia akiitwa, mara ya kwanza kwa nguvu, kisha kwa sauti iliyokatika. Kule hakuwa na mdomo wa kuitikia. Alisikia mtoto akiteremka kitandani, akijikokota sakafuni, mlango, kisha bibi akishtuka, na dawa ya kuvuta ikipulizwa. Pumzi ikarudi polepole. Alipozikagua kola za mchana ule alitafuta hata moja iliyokwenda upande. Zote zilikuwa zimenyooka, na hilo lilimuumiza kuliko yote.

Jioni alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikuita," mtoto alisema.

"Nilisikia."

"Ulisikia zote?"

"Zote, mwanangu."

"Ulilia?"

"Nililia."

Mtoto akamfuta mashavu, ingawa yalikuwa yamekwishakauka.

Kuanzia hapo mto ulileta habari njema tu. Mama, nimekula nikamaliza. Mama, leo sijambo kabisa. Kisha nyayo ndogo zilisogea mbali, mlango ukafungwa taratibu, na kwa muda mrefu hakukusikika chochote.

"Siku hizi anakwenda kukohoa nyuma ya nyumba," mama mkwe alimweleza. "Anasema hataki kukutia wasiwasi kazini."

Mama Chiriku aliwaza kulihamishia sikio huko nyuma. Lakini alijua mtoto angetafuta kona nyingine. Asubuhi akaliacha palepale pa siku zote.

Kiwandani, mwenzake wa cherehani ya jirani, naye ana sikio moja, alimwinamia.

"Chiriku anaendeleaje?"

"Anasema hajambo."

"Wangu naye hajambo," mwenzake alisema, akisukuma kitambaa chini ya sindano. "Wote siku hizi hawajambo."