Kibisi wa Maman Valérie

Ezéchiel aliinua reki na juu yake ikaja pampasi iliyovimba kama mkate uliosahaulika ndani ya chai. Akageuza uso, akatema mate. Miaka sita sasa, kila asubuhi anashuka kwa miguu kutoka Kasha mpaka Ibanda, kwenye kighuba kilicho chini ya nyumba ya wageni ya Maman Valérie, kuvuta takataka ambazo mvua imezikokota kutoka vilimani. Chupa, sashe za plastiki, ndala za mguu mmoja, wigi, siku moja kichwa cha mbuzi kilichokuwa bado kinamtazama. Ziwa Kivu humeza kila kitu bila haya, halafu linamtapikia yeye miguuni.

Mzee huyu alikuwa mwongo, tusifichane. Ndiye aliyewaapia walevi wa mtaani kwake kwamba aliona kiboko akivuka Ruzizi kwenda Rwanda, na askari wa mpakani akimdai jeto, kile kibali cha kuvuka. Lakini kuhusu ndege hakudanganya hata siku moja. Aliwaandika katika daftari la shule: siku, saa, mdomo ulivyo, miguu ilivyo. Hakuna aliyemfundisha. Macho yalichoka uchafu, yakajitafutia kitu kingine cha kutazama.

Alhamisi hiyo aliandika daftarini kwa herufi kubwa. Alikuwa amemwona kibisi mwenye kishungi, yule ndege wa kuzamia mwenye shingo nyeupe, mashavu ya rangi ya kutu na manyoya meusi ya kichwani yaliyogawanyika kama pembe. Mara ya mwisho kumwona, Ezéchiel alikuwa kijana bado hajaoa, na leo ana wajukuu. Tena ndege huyu hakuwa mpita njia. Palipo na matete, pale ambapo chupa zilikuwa zimesongamana mpaka zikawa kama mkeka, alikuwa amesuka kiota cha majani ya majini na vipande vya sashe. Ndani yake mayai manne.

Akapanda kwa Maman Valérie, kofia mkononi. Maman alikuwa na yake: Jumapili binti yake Charlène anaolewa, picha zitapigwa ufukweni, kwa hiyo Jumamosi chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, angeleta watu wote wa salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha, waitie ile takataka kwenye kamio ya kubebea taka mpaka chupa ya mwisho. Ezéchiel aliomba majuma matatu tu, mayai yaanguliwe.

"Miaka sita unalalamika uchafu," Maman akamwambia. "Leo naleta batu bautoe, unakatala juu ya kuku ya maji?"

Ezéchiel akavaa kofia, akashuka ngazi, na kilichomuudhi kuliko yote ni hiki. Yeye, adui wa uchafu, sasa alikuwa wakili wake.

Jumamosi wakaja, watu arobaini na kitu, mabuti miguuni, pua zimebanwa kwa vidole, wakitaniana nani mumewe ananuka zaidi. Kibisi alitelezea majini bila sauti, akazama. Mwanaume wa kwanza akainua reki juu ya matete.

Ezéchiel akaingia majini mpaka kiunoni, akasimama katikati. Alipofungua mdomo hakujua atasema nini. Uongo ukatoka wenyewe, kama kawaida yake.

"Papa chef, musiingie. Bomba ya ma WC ya kule juu iko namwanga hapa, chini ya ma chupa. Mukiingia, ni kipindupindu."

Watu wakarudi nyuma. Chef Grégoire, aliyekuwa amesikia habari za kiboko, akacheka, akachukua mti mrefu ili amuumbue mzee mbele ya avenue nzima. Maman Valérie naye alipaswa kucheka. Hakucheka. Alikaza kikwembe chake kiunoni, akatazama juu, upande wa nyumba yake ya wageni.

Mti ukagonga kitu. Grégoire akasukuma chupa kando, na mdomo wa bomba ukaonekana, mnene kama paja, ukitoa polepole kitu cha kahawia chenye vipande vya karatasi. Harufu ikapanda. Mama mmoja akainama, akatapika kwenye mabuti yake.

"Papa Ezéchiel," chef akauliza, sauti imeshuka, "ulijua hii tangu lini?"

"Tangu zamani," akasema Ezéchiel, na huo ulikuwa uongo wa pili.

Kwa sababu ni sasa tu ndipo alipojua. Mahali hapo alipapenda. Asubuhi za baridi, maji ya hapo yalikuwa na uvuguvugu uliomlegeza magoti, naye alimshukuru Mungu. Saa sita alinawia uso hapo. Siku za kiu kali hakuishia kunawa; alikinga viganja akanywa.

Watu waliondoka wakitukana kwa Mashi na kwa Kiswahili, reki mabegani. Maman Valérie akabaki ngazini.

"Kesho usirudiye hapa," akasema. Hata hakumtazama.

Ezéchiel akatoka majini. Akajisugua kwa mchanga, akajisugua kwa majani ya mparachichi, akanusa viganja, akaanza upya. Alikuwa bado ameviinua puani pale kibisi alipoibuka kando ya matete, akapanda kiotani, akaondoa kwa mdomo majani na sashe moja nyeusi aliyokuwa ameyafunikia mayai. Akayageuza moja moja, kisha akayalalia. Chini yake maji ya rangi ya chai yalipita taratibu, yakikiinua kiota, yakikishusha.