Hapa Hakuna Bosi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mpiga pasi aliligeuza shati lililokuwa mezani kwa mkono wa kushoto, akatazama kola, akatazama mfuko, hakuona doa. Akavuta lililotangulia kutoka kwenye rundo, nalo lilikuwa safi. Akadhani ni lile blanketi lililotandikwa juu ya meza linaungua, akalifunua pembe, akalikuta zima. Ndipo alipoona kwamba mkono wake wa kulia, uliobaki juu ya pasi muda wote huo, umeteleza kidogo, na kidole cha mwisho kimelalia bati la moto.

Alikiondoa. Hakupiga yowe, maana yowe huitwa na maumivu, na maumivu hayakuja. Ngozi ilikuwa imejikunja na kuwa nyeupe kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Aliitazama kama anayetazama kidonda cha mtu aliyekaa naye benchi moja zahanati, kisha akachana kipande cha kitambaa kwenye mabaki, akafunga kwa meno, akaendelea na shati lililofuata.

Ganzi ile haikuja kwa kishindo. Ilianza kwenye ncha za vidole, ikahamia kiganjani, ikapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, kama mgeni anayehamisha vitu vyake kidogo kidogo mpaka unashtukia amekuwa mwenye nyumba. Pasi za pale ni za mvuke, nzito, zinaning'inia kwa mipira kutoka darini, na mtu akizishika tangu usichanani mpaka mvi, hawezi kutoka salama salimini. Hakumwambia mtu. Nyumbani alikuwa na bintiye anayesoma, na mama mkwe asiyeweza tena kujinyanyua kitandani, na wote wawili walikula kutokana na mkono huohuo. Mumewe alitoka siku moja kwenda kutafuta riziki. Aliipata au hakuipata, habari zake hazikurudi.

Zamani kiwanda kilikuwa cha Mzee Kengele, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alikuwa na kengele ya kuingia, kengele ya kula, hata kengele ya kutoka msalani, na mdomo wake ukikufungukia ungeweza kusahau jina ulilopewa na mama yako. Wanawake walimchukia kufa kupona. Chuki ile, Mungu anisamehe, iliwafaa. Mwenzao akilemewa na mimba, au akiwa amekesha na mgonjwa na sasa anabaki nyuma, mkono mmoja ulipita chini ya meza ukachukua nguo tatu nne kwenye rundo lake, mkono wa pili ukapokea, na Mzee akigeuka anakuta marundo yamelingana. Waliliita jambo hilo kubebana. Hakuna aliyefundishwa, ukikaa pale wiki moja ulikuwa umeshajua.

Mzee alipofariki, mwanawe akarudi kutoka masomoni na fikra mpya. Siku ya kwanza aling'oa kengele kwa mikono yake mwenyewe, wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Akawaondoa wasimamizi. Akapanua madirisha, akaweka maji ya baridi na viti vyenye migongo. Akakataa kuitwa bosi wala mheshimiwa, akasema aitwe Ndugu, na Ndugu akaitwa. Kila asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, wote walisimama duara, yeye akiwemo, kila mmoja akasema hali yake. Waligawanywa vikundi. Kikundi kikimaliza mashati yake ya wiki kufikia Ijumaa, Jumamosi hakiji kazini, na malipo hayapungui.

"Hapa hakuna bosi," alipenda kusema. "Bosi ni duara."

Haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo penye ugumu wa kuieleza hadithi hii. Jumamosi zile zilikuwa za kweli. Watu walilala mpaka jua likawaingilia chumbani. Wifi yake mpiga pasi, dada wa yule mume aliyepotea, alikuwa mshona kola katika kikundi hichohicho, naye alikuwa na mtoto wa kiume ambaye miguu yake ilikataa kusimama. Hospitali ilikuwa na mtaalamu wa kumnyoosha viungo, na mtaalamu huyo alikuja Jumamosi tu. Tangu Jumamosi zianze, mtoto alikuwa ameanza kushika ukuta.

Asubuhi ya pili baada ya kuungua, Ndugu alikiona kitambaa.

"Mama, mbona leo umekuja na siri?" aliuliza kwa upole. Alikuwa mpole kweli, na sauti yake haikuwahi kupanda. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa hali yako ni yetu sote."

Mpiga pasi akapiga moyo konde. Labda ni ule upole, labda ni uchovu wa kubeba jambo peke yake. Akaeleza yote: vidole, kiganja, kifundo, pasi inavyomtoka bila yeye kujua, kidole kilivyoungua asisikie. Wenzake wakafuta machozi. Mshona vifungo alimkumbatia. Ndugu aliweka mkono kifuani, halafu akamshukuru kwa ujasiri wake. Siku ile mpiga pasi alirudi nyumbani mwepesi, na usiku alilala. Alikuwa amefanya kosa ambalo enzi za Mzee Kengele hata mgeni wa siku moja asingelifanya, lakini hakujua bado.

Kazi ikaanza kumshinda waziwazi. Marundo sasa yalikaa kwenye vikapu katikati ya ukumbi, kila mmoja na kikapu chake, ili mambo yawe ya uwazi. Kikapu cha mpiga pasi hakikupungua. Mwanzoni mshona vifungo alinyoosha mkono achukue nguo mbili, kwa mazoea, kisha akaona watu wanamtazama, akaurudisha na kujikuna shingo. Zamani walikuwa wakimwibia Mzee. Sasa wangemwibia nani?

Jumamosi ya kwanza ikapotea. Walikuja kazini, wakafanya mzaha, wakasema ni bahati mbaya. Ya pili ikapotea, mzaha ukaisha. Jioni yake wifi alipita nyumbani, akamgeuza mama yake kitandani, akambadilishia shuka, kisha akatoka na kusimama mlangoni pa jiko.

"Mtoto karudi kukaa," alisema. "Wiki mbili tu hakwenda, kakaa chini."

"Nasikia uchungu, wifi."

"Najua unasikia. Mimi si mjinga, najua." Alikuwa akiutazama mkono, si uso. "Ungenyamaza tu, tungekubeba kama zamani. Umesema mbele ya watu, sasa tukufanyeje?"

Mpiga pasi aliendelea kuchambua mchele kwa mkono wa kushoto, na wifi akainama akamsaidia mpaka ukaisha.

Jumatatu, Ndugu alisema kuna jambo zito, na kwamba yeye hana haki ya kuliamua peke yake. Kikundi kinaumia. Mwenzetu anaumia. Duara linasemaje?

Mashine moja ilikuwa imesahauliwa imewashwa, ikanguruma peke yake mpaka mtu akaenda kuizima.

"Nipeni kukunja," alisema mpiga pasi. "Kukunja naweza. Mkono wa kushoto ni mzima."

"Ni wazo zuri," alisema Ndugu. "Wakunjaji mnasemaje? Mko huru."

Wakunjaji walikuwa wawili, mtu na binamu yake. Walitazamana. Mmoja akasema kazi yenyewe ya watu wawili, akija wa tatu mmoja wao atatoka, na asiseme mtu kwamba wana roho mbaya. Hakuna aliyesema.

Akanyoosha kidole mkata vitambaa, mzee waliyemwita Babu Mkasi, aliyekuwa pale tangu kiwanda kikiwa chumba kimoja.

"Mimi nina swali, Ndugu. Hesabu ya mashati ya wiki, anaipanga nani?"

"Soko, Babu."

"Soko lilikuja hapa lini, tukalisalimia?"

Watu wakacheka, Ndugu naye akacheka, kwa moyo mkunjufu kabisa.

"Maana nauliza," aliendelea Babu Mkasi, "kama bosi ni duara, basi duara lipunguze mashati kikapu kimoja, mama huyu abaki, na Jumamosi ibaki. Mambo yaishe."

Kicheko kikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu kengele ing'olewe, Ndugu alitazama saa yake.

"Babu, nakuheshimu kama mzazi. Lakini hilo si la duara."

"La nani?"

"Tuzungumze yaliyo mikononi mwetu," alisema Ndugu. Sauti haikupanda hata kidogo. "Tusimwongezee mama machungu kwa kumpa matumaini yasiyokuwepo. Tukubaliane kwa upendo."

Babu Mkasi alikuwa mzee, na kuna vijana wengi nje wanaojua kukata kitambaa. Akarudi nyuma hatua moja, akawa tena sehemu ya duara.

Wakaulizwa mmoja mmoja. Mshona vifungo alisema anampenda mpiga pasi kama dada yake wa tumbo moja, lakini apumzike. Wa kufuata akasema apumzike. Neno lile likazunguka, apumzike, apumzike, kila mtu akilisema chini kidogo kuliko aliyetangulia. Likamfikia wifi. Wifi aliangalia sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi.

"Mtoto wangu alikuwa ameanza kushika ukuta," alisema, na hakuongeza.

"Kwa hiyo?" Ndugu aliuliza taratibu.

"Apumzike."

Mpiga pasi alisubiri kusikia kitu ndani yake kikikatika, kama wasemavyo watu. Hakusikia. Ganzi ilikuwa imepanda, alifikiri, imevuka kifundo, imevuka bega, imefika mahali pasipo na vidole. Aliona mdomo wa Ndugu unasogea, akachelewa kuelewa kwamba anaongea naye.

"Mama? Haiwezi kuwa kauli ya duara kama mmoja hajakubali. Hatufukuzi mtu hapa. Nawe tunakuuliza kama wengine."

Wote walimtazama. Hawakumtazama vibaya. Walimtazama kama watu walioketi na mgonjwa usiku kucha, wakiombea mapambazuko yafike, kwa vyovyote vile.

"Sawa," alisema.

"Sawa kwamba?"

"Nipumzike."

Wakampigia makofi. Ndugu alimkumbatia, na machozi aliyokuwa nayo machoni yalikuwa machozi ya kweli, mtu asimsingizie. Kwa kuwa ameondoka kwa hiari, alimweleza baadaye pembeni, taratibu za kuachishwa kazi hazimhusu, lakini mlango uko wazi daima. Ijumaa ile kikundi kilimaliza mapema.

Jumamosi wifi alikuja kumfulia. Alikuwa ametoka hospitali na mtoto mgongoni, akamkalisha juu ya mkeka uani, akakunja mikono ya nguo. Alifua kila kitu, hata visivyokuwa vichafu. Mpiga pasi alikaa kwenye kigoda akimtazama. Hawakuwa wamegombana, na labda wangegombana ingekuwa afadhali. Enzi za Mzee Kengele mtu alijua pa kupeleka laana zake. Kulilaani duara ni kumlaani nani, huyu anayekusugulia foronya?

"Kanyooshwa vizuri leo," alisema wifi. "Daktari kasema tusikose tena."

"Msikose."

"Mama umemwambia?"

"Bado. Namwambia niko likizo."

Wifi akaondoa povu mikononi. Alinyoosha mgongo kwa shida, akashika kiuno, akabaki vile kwa muda, uso umemkunjamana.

"Mgongo huo vipi?"

"Haufai. Lakini usije ukausema popote." Aliinama tena haraka. "Duarani kila siku nasema niko salama. Sasa hivi wote tuko salama. Hakuna anayeumwa kiwandani pale."

Akainua shuka la mama yao kutoka kwenye beseni, zito, linachuruzika, akampa pembe moja.

"Kuna jambo jingine," alisema bila kumtazama. "Wageni wanakuja wiki ijayo. Watu wakubwa, wenye viwanda vyao. Wanakuja kujifunza namna tunavyofanya kazi bila bosi. Ndugu anaomba uje."

"Mimi? Nije kufanya nini?"

"Usimame duarani kidogo. Useme ulivyoondoka, kwamba tulikubaliana. Anatafutwa mtu wa kufagia, wifi. Ndugu hakuahidi, amesema duara litatazama. Lakini ukija, ukasema vizuri..." Akazungusha upande wake wa shuka. "Shika, tukamue."

Mpiga pasi alishika kwa mikono miwili. Ilibidi aangalie mkono wa kulia ili ajue kama umefumba.

"Niseme nini hasa?"

"Maneno machache tu. Sema hakuna aliyenifukuza."

"Hakuna aliyenifukuza."

"Hapana, usiseme kama unasoma. Sema kama unaongea na watu. Na kwa sauti, watakuwa wengi."

Maji yalitiririka kati yao mpaka kwenye miguu ya mtoto, mtoto akacheka. Mpiga pasi alivuta pumzi.

"Hakuna aliyenifukuza!"

Chumbani kitanda kikalia. Sauti ya mama mkwe ikatoka dirishani, nyembamba, yenye wasiwasi.

"Nani kafukuzwa?"

Waliangaliana juu ya shuka. Kila mmoja alisubiri mwenzake aseme. Wifi akazungusha tena upande wake, na mpiga pasi, macho yake mkononi, akaendelea kushikilia.