Homa ya Mzee Ambrosi

Yuliana ndiye aliyesema ni homa. Alilisema mapema, wageni wa kwanza wakiwa bado wanavua viatu mlangoni na baba yake hajalazwa vizuri kitandani.

"Homa tu, ilimpanda ghafla. Wamemtundikia dripu, sasa hajambo."

Kule hospitali, Newala, hakuna aliyetaja homa. Daktari alimwita pembeni akamwambia ni moyo, mshipa umeziba. Mzee apumzike, atembee kidogo kidogo uani, chumvi aiache, vidonge asivikose hata akijiona mzima. Kazi ya nguvu asiiguse mpaka arudi kupimwa. Yuliana aliitikia yote, lakini njia nzima kurudi Chilangala aliwaza jambo moja: ukitaja moyo, watu watauliza, kitu gani kilimshtua?

Kilichomshtua ni yeye. Alipanda kutoka Masasi aliposikia mzee anataka kuoa, na kaburi la mama yake bado tifutifu. Alimsema palepale mlangoni kama anavyomsema mwanawe. "Baba, huoni aibu? Meno yenyewe yamebaki ya kuazima." Mzee Ambrosi akashika kifua, akakaa chini taratibu, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji.

Basi ikabaki homa. Kumuuguza, alimuuguza. Alimpikia mbaazi bila chumvi, akampa vidonge, akamshika mkono wakizunguka uani. Majirani wakileta samaki mkavu wa chumvi alipokea, akashukuru, akamficha nyuma ya chungu. Mzee hakunung'unika. "Mbaazi zako zimekosa nini sijui, Mama Upendo," alisema, akamaliza sahani.

Ikafika siku ya kuwatoa vijana jandoni. Mzee Hamudi, mpiga ngoma mwenzake tangu ujana, akaja kumfuata.

"Shikamoo, baba," alisema Yuliana.

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuata mvivu wako. Ngoma kubwa inamngoja."

"Bado hana nguvu."

"Homa gani hii isiyoisha? Au anajilaza ili yule mchumba aje kumbembeleza?" Hamudi akacheka, kisha akashusha sauti. "Wenye watoto wanauliza kama ana kinyongo nao."

Huko kwao, mpigaji akiitwa asipokwenda, amewasusa wenye watoto. Ugonjwa tu ndio unaomtetea, na homa haikuweza kumtetea tena. Yuliana alifungua mdomo. Neno likafika kooni, na nyuma yake likaja lile swali la kilichomshtua. Akaufunga.

Mzee Ambrosi alimtazama binti yake kidogo, akachukua kofia. "Twende, Hamudi. Homa imekwisha."

Uwanjani aliibana ngoma kwa mapaja akaanza, na wanawake wakapiga vigelegele. Yuliana hakupiga. Aliliona jasho, lilelile. Akaona mkono wa kushoto unachelewa nyuma ya wa kulia. Siku hiyo mwanamke hapiti mbele ya wapigaji. Yeye alipita, akaishika mikono ya baba yake juu ya ngozi ya ngoma.

"Siyo homa," alisema. "Ni moyo. Nilimgombeza mimi, moyo ukamkamata."

Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Mama Upendo," alisema Hamudi, "ungesema tungempa kiti akae atuangalie. Wapigaji hatukukosa."

Hakumkaripia zaidi ya hapo. Afadhali angemkaripia.

Wakapata gari la kubebea korosho, mzee akalazwa nyuma, kichwa mapajani kwa binti yake. Walipokaribia Newala Yuliana akauliza, "Baba, kwa nini ulikubali?"

"Daktari aliniambia na mimi." Alikuwa akisema kwa vipande. "Nikasikia umewaambia watu homa. Nikaona nikikataa, nitakuumbua."

Yuliana alimfunika uso kwa kanga jua lisimpige, na pia asimwone.

Mungu alisaidia, mzee alirudi. Sasa hana ruhusa hata ya kubeba kiti, anazunguka uani ameshikwa mkono kama mwanzo. Samaki mkavu akiletwa, Yuliana humrudishia aliyemleta mchana kweupe, akaeleza kwa nini. Wageni wakiuliza kilichomshtua, mzee huwahi kujibu, "Uzee, jamani."

"Siyo uzee," husema Yuliana, akiangalia chini. "Ni mimi." Kisha huwasimulia tangu mlangoni.