Herufi za Radka

Nimechora herufi maisha yangu yote, na zilizopendwa kuliko zote ni zile nilizoiba jikoni kwangu. Mke wangu Radka alikuwa akiniachia vikaratasi kwenye jokofu: "Nimekwenda sokoni. Supu ipo, ipashe moto." Mwandiko wake uliinama kulia kidogo, kama mtu anayekusogelea akusikie vizuri. Nikauchukua huo mwinamo, nikaondoa vijiguu vya kwenye ncha za mistari na mapambo yote, nikaziachia herufi matumbo ya duara na nafasi ya kupumua. Miaka miwili nilihangaika nazo. Fonti hiyo nikaiita Radka. Kiwanda cha mtindi kikaichukua, kisha duka la mikate, kisha kliniki ya meno ya watoto. Mji wetu mzima wa Plovdiv ukawa unakaribishwa na mke wangu.

Februari akafa.

Huku kwetu msiba haupigiwi simu. Karatasi hubandikwa kwenye mlango wa jengo, kwenye nguzo na kituo cha basi, na anayeisoma huja. Nilitaka jambo moja tu: asizikwe bila watu. Majirani walikuwa watu wake. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Milka wa duka la uchapaji aliitazama kazi yangu, akashusha miwani.

"Bwana Spas, hii siyo ya msiba. Fremu nyeusi iko wapi? Na hizi herufi mbona zinacheka?"

"Ni mwandiko wake."

"Najua, na pole sana. Lakini watu watadhani mtindi umeshuka bei."

"Wewe chapa tu, dada. Mengine niachie mimi."

Mimi ni mbishi, sifichi. Nikabandika karatasi thelathini. Picha yake akicheka, jina lake, siku na saa ya mazishi, vyote kwa mwandiko wake.

Makaburini tulikuwa watatu: kasisi, Milka na mimi. Kasisi aliuliza kama tuwasubiri wengine. Tukasubiri mpaka vidole vikafa ganzi. Niliona aibu mbele ya jeneza.

Niliporudi nikamkuta Stoyna wa ghorofa ya tatu akingoja lifti na mfuko wake wa vitunguu.

"Nimeliona tangazo la Radka pale mlangoni," akasema. "Kafungua duka, eeh? Na hata haniambii, mjanja huyo! Sikuwa na miwani, lakini nimemjua kwa picha. Mwambie kesho nakuja, anichemshie kahawa."

Akaliangalia koti langu jeusi, kisha viatu vyangu vyenye udongo. Mfuko ukamponyoka, vitunguu vikabingirika mpaka kwenye ngazi.

Kwa ajili ya arobaini nilichapa karatasi nyingine: herufi nene, wima, fremu nyeusi. Jengo zima likaja. Walileta maua, wakala ngano ya kuchemsha, wakamwaga mvinyo kaburini kama desturi yetu, wakamlia na kumsimulia. Nilishukuru, kweli nilishukuru. Lakini karatasi iliyowaita haikuwa na hata chembe ya mkono wake, na hakuna aliyeliona hilo ila mimi.

Walipoondoka kwangu nikaosha vikombe. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nikafungua jokofu, nikatoa kopo la mtindi, na kwenye mfuniko kulikuwa na maneno mawili ya kiwanda, yameinama kulia:

"Karibu, kula."

Nikala nikiwa nimesimama.