Shuka Juu ya Michai

Nyanchoka alikuwa na shuka nyeupe nne, na zote zilikuwa shambani. Mumewe, Obwocha, mpiga picha za harusi na mazishi hapo Ekerenyo, alikuwa amezitandaza juu ya michai, naye amechutama na kamera kama anayesubiri kuku atage. Jirani alipopita akauliza kama nyumba hiyo haina kamba ya kuanikia nguo.

Ni hivi: Obwocha alitaka picha moja ya mvua ya mawe. Si wakati inanyesha, bali ile dakika ikishakatika, jua limetoka, na kilima chote cha chai kimekuwa cheupe. Alikuwa ameikosa mara mbili. Mara ya kwanza alichelewa, akakuta maji. Mara ya pili aliwahi, lakini kamera ikautoa weupe wote rangi ya jivu. Basi mwaka wa tatu sasa, kila saa tisa alasiri alikimbia kutoka dukani kwake hadi shambani akijipima kwa saa, kisha akazipiga shuka picha mpaka zikatoka nyeupe.

Nyanchoka alimcheka, akamfulia shuka, akampenda hivyo hivyo. Ila jambo moja hawakulitaja: chai ile ilikuwa yake, na mvua aliyoingoja mume ndiyo ingeimaliza. Kila Sabato kanisani Nyanchoka aliomba isije. Hakumwuliza mwenzake anaomba nini.

Ilikuja Alhamisi moja ya Aprili, robo saa nzima. Ilipokatika, Nyanchoka alikuwa ameshafika shambani, amesimama mikono kichwani kati ya machipukizi yaliyochanika. Asingechuma kitu kwa miezi miwili. Jua likatoka, kilima kikang'aa, na hata yeye, na uchungu wake wote, aliona kwamba kinapendeza.

Obwocha akatokea mbio, akihema. Alipomwona mkewe akaifunika kamera, akamshika mabega.

Hapo Nyanchoka akakasirika kweli. Miaka mitatu ya mazoezi, na barafu ilikuwa imeanza kulainika chini ya viatu vyao.

"Baba Sharon, chai imeshakwenda," alisema. "Hii nayo isiende. Mimi utanishika jioni."

Akamfunulia kamera mwenyewe, akamgeuza, kisha akaanza kuondoka asimharibie picha.

"Usitoke," Obwocha akamwambia. "Shamba ni lako."

Nyanchoka akafuta macho, akasimama katikati ya chai yake, na mumewe akaanza kazi.