Mpaka Iungurume

Pikipiki ya marehemu mzee Eliaichi ilipita barabara kuu ya Same mchana kweupe, imelazwa ubavu juu ya kenta kama ng'ombe wa mahari aliyegoma kutembea. Danieli alikaa pembeni yake, ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mekundu.

"Jamani, imetoka!" Shamsa muuza chapati alipiga kelele, mwiko hewani. "Miaka kumi na moja ndani! Majambazi wameingia na kutoka, yenyewe bado imo tu."

Watu wakacheka. Danieli hakucheka. Siku nyingine angemjibu, maana mdomo anao. Siku hiyo alikuwa na roho mkononi.

Huko nje tunasemwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Sisi hukataa, tukaapa kwamba ni uzushi wa watu wenye wivu, halafu mtu anatutajia Danieli na mdogo wake Anaeli, tunanyamaza. Baba yao alikuwa bwana shamba. Honda yake nyekundu ilipanda milima yote hii, akifundisha watu kukata matawi ya kahawa. Alipofariki, kila mmoja wa wanawe alisema, "Baba kaniachia mimi." Ukoo ukakaa, ukashindwa. Kata ikakaa, ikashindwa. Kesi ikaenda mahakamani, ikapanda ngazi moja, ikashuka, ikapanda tena kama mbuzi kwenye mwamba. Pikipiki yenyewe ikafungiwa Lembeni, kwenye banda la mzee Daudi, mtu baki asiye wa huku wala wa kule, mpaka haki ipatikane.

Siku moja, katikati ya miaka hiyo, walitoka mahakamani na Anaeli akamtupia kaka yake neno mbele ya watu: "Hata wakikupa, utaifanyia nini? Kuiwasha kwenyewe hujui."

Danieli alikuwa na udongo wa kaburi la baba yao, kaufunga kwenye leso. Alikuja nao kumtisha shahidi. Akaufungua, akaumwaga kiganjani, akaapa. Maneno yake Same nzima inayajua, hata wasiokuwepo wanayasimulia kama waliokuwepo: "Udongo huu unisikie! Sikanyagi uani kwako, Anaeli, mpaka niingie juu ya pikipiki ya baba, ikiunguruma!"

Kisha akashinda kesi. Alishinda mwaka huu, baada ya mvua za masika, na hakwenda hata kuichukua. Ilibaki hukohuko Lembeni na kuku wakitagia juu ya siti.

Jumatatu ndipo Honorata, mke wa Anaeli, alipopiga simu kutoka milimani, juu ya Gonja.

"Shemeji, hospitali wameturudisha nyumbani na ndugu yako. Wametuambia tukae naye tu."

Danieli akakaa chini. Alikuwa amesimama dukani kwa watu, akakaa sakafuni.

"Nakuja leo, shemeji. Nakuja sasa hivi."

"Mwenyewe hataki uje hivihivi." Sauti ya Honorata ilikuwa imechoka hata haikuwa na hasira. "Mchungaji alijitolea akufungue kile kiapo kwa sala. Amekataa. Anasema uje kama ulivyoapa."

"Honorata, ile pikipiki ni chuma chakavu!"

"Nimemwambia. Anasema si uliishinda wewe?"

Sasa neno lenyewe, ambalo hata mke wa Danieli hakulijua, ni hili. Baba yao alimpa Anaeli ile pikipiki. Alimpa kwa kinywa chake, kitandani, na Danieli alikuwepo, akasikia kwa masikio yake yote mawili. Alichosema mahakamani ni uongo, akaurudia miaka kumi na moja mpaka ukamzoea. Alitaka kumwambia mdogo wake maneno mawili tu: nilidanganya. Na kukanyaga ua ule bila kutimiza kiapo cha udongo wa baba hakuthubutu. Mzee wa kanisa, ndiyo, lakini ni Mpare kwanza.

Ndiyo maana kenta ilikwenda moja kwa moja hadi kwa fundi Idrisa, karibu na stendi.

Idrisa aliizunguka pikipiki mara tatu kama mtu anayenunua dume la mbuzi. Akafungua kifuniko cha chujio la hewa. Panya watatu wakatoka, wa nne akabaki anamtazama.

"Mzee wangu," akasema, "hapa kuna watu wanaishi."

"Itawaka lini?"

"Subiri kwanza nitoe wapangaji." Akakanyaga kiki. Ikagoma kama imepigiliwa misumari. "Unaona? Pistoni imegandana na silinda. Natoa plagi, namimina oili na dizeli kwenye tundu lake, tunaacha inywe. Siku nne. Tano."

"Sina siku tano!"

"Chuma hakijui kama una mgonjwa, mzee wangu. Ukikilazimisha, kinakatika, halafu utaitafuta hiyo pistoni mpaka Yesu arudi. Na mimi ni Mwislamu nakwambia."

Danieli akakaa kwenye tairi kuukuu na hakuondoka tena ila kulala. Vijana wa bodaboda walikuja kumtazama. "Mzee, nikupeleke na hii yangu? Inaunguruma mpaka Kifaru wanasikia." Shamsa alimletea chai na chapati, na habari juu yake: wako wanaosema Anaeli amekwisha kukata kauli, wako wanaosema amekaa kitandani anacheka. Danieli alipiga simu kila baada ya saa mbili. Honorata alipokea mara nyingine, mara nyingine iliita tu mpaka ikakata, na hapo Danieli alisimama, akashika kiki kwa mkono na kuisukuma chini kwa nguvu zake zote, mpaka Idrisa akamtoa kwa mabavu.

"Utaniharibia kazi! Kaa!"

"Iguse tu, Idrisa. Iguse uone kama imelegea."

"Nimeigusa sasa hivi. Kaa, baba, kaa."

Idrisa naye hakukaa. Aliosha tangi kwa changarawe na petroli, likatoka maji mekundu kama udongo wa Mwanga. Alichokonoa jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia mafuta, kwa unywele wa waya. Alfajiri ya Ijumaa aliweka mguu kwenye kiki, akaubonyeza polepole, na pistoni ikashuka. Danieli akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

Ilipofika saa tatu asubuhi ikawaka. Moshi wa buluu ulifunika stendi, abiria wakakohoa, Shamsa akapiga vigelegele, konda mmoja akatukana. Iliunguruma kwa muda wa kusoma Baba Yetu, ikazima. Idrisa akaiwasha tena, ikazima tena.

"Nipe siku mbili niitulize," akasema.

Simu ya Danieli ikaita. Akaiweka sikioni. Honorata alisema, "Hajanywa hata maji tangu jana, shemeji."

Wakaipakia, Idrisa naye akapanda.

Kenta iliwapeleka kwa njia ya Kisiwani, vumbi mpaka kwenye meno, Danieli nyuma amekumbatia tangi. Chini ya kilima cha kina Anaeli wakaishusha. Kutoka hapo ni kupanda. Idrisa akaiwasha, Danieli akapanda juu. Anaeli alisema kweli: kuendesha alikuwa hajui. Alijifunza palepale, kwa kelele za Idrisa aliyekimbia nyuma yake. "Achia klachi! Polepole! Usiiachie yote!" Akayumba mpaka kona ya kwanza, akayumba mpaka ya pili. Kwenye kona ya tatu, panapoanza migomba, injini ikakohoa, ikapiga chafya moja, ikanyamaza.

Idrisa akapiga kiki mpaka jasho likamtiririka viatuni. Akatoa plagi, akaifuta, akairudisha. Kimya.

Pale juu watu walikuwa kwenye msaragambo, wanazibua mfereji wa kijiji, majembe na machepe mkononi. Huku kwetu msaragambo ukiitwa hakuna wa kubaki nyumbani, kwa hiyo karibu kijiji kizima kilikuwepo, na wote walijua kiapo.

"Danieli," mzee mmoja akaita, "imekufa?"

"Nisaidieni!" Hakuona aibu. Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la uso wake. "Ndugu zangu, nisaidieni nifike!"

Hakuna aliyemcheka. Walitupa majembe, wakaja. "Usishuke!" mama mmoja akamkemea alipoinua mguu. "Uliapa juu yake, kaa juu yake!" Wakamsukuma, watu kumi na tano au ishirini, wakiimba kama wanavyoimba wakivuta gogo, na Danieli juu, ameshika usukani, mzee wa kanisa anapandishwa mlima kama kinyago.

Wakafika langoni. Ua wa Anaeli umezungushiwa masale, ile mimea ya mpaka. Gurudumu la mbele likasimama kwenye masale.

"Iwashe," watu wakasema.

Danieli akakanyaga kiki. Akakanyaga. Idrisa akamsogeza, akakanyaga yeye. Wakaisukuma njiani kwenda na kurudi, waiwashe kwa kuikimbiza. Injini ilitoa pumzi tu, fuu, fuu. Danieli akaishika tena, akapiga kiki mpaka mguu ukateleza, kiki ikamrudia ikampasua muundi. Damu ikaingia kwenye soksi. Akaendelea.

"Bwana Mungu," alikuwa akisema, "mara moja tu. Mara moja tu basi."

Watu wakaanza kutazama pembeni. Kuna mambo ambayo hata mpenda umbea hapendi kuyaona.

Honorata akatoka nyumbani. Kanga kajifunga kifuani, daftari la shule mkononi. Akasimama upande wake wa masale.

"Shemeji, acha kwanza. Amekusikia unavyohangaika. Amenituma nikusomee."

"Ni nini hicho?"

"Si unamjua ndugu yako? Siku ulipoapa alirudi nyumbani akaandika. Saa, tarehe, waliokuwepo, na maneno. Alisema ni kielelezo, iko siku kitahitajika." Akafungua ukurasa, akausogeza mbali na macho kidogo. "'Akasema: Sikanyagi uani kwako, Anaeli, mpaka niingie juu ya pikipiki ya baba, nikiunguruma.'"

"Ikiunguruma," Danieli akasema.

"Hapa imeandikwa *ni*. Nikiunguruma."

"Nilisema *i*! Watu wote wanajua nilisema *i*!"

"Ulikuwa na hasira, ulimi uliteleza. Ndivyo anavyosema." Honorata akafunga daftari. "Anasema kama unapinga, kakate rufaa. Kama hupingi, wa kuunguruma ni wewe. Lakini fanya haraka, shemeji. Tafadhali, haraka."

Danieli akatazama pikipiki. Akawatazama watu. Akaketi sawasawa kwenye siti, akashika usukani, akavuta pumzi.

"Vruuu," akasema, kidogo.

"Hiyo ni nzi," mzee wa mfereji akasema kwa upole. "Ongeza mafuta, mwanangu."

"Vrruuuum!" Sauti ikamkatika katikati. Akaanza upya, mishipa ya shingo imemtoka, mate yanaruka. "Vrruuuuum! Vrruuuuuum!" Na Idrisa akasukuma nyuma, na watu wakasukuma, hakuna aliyeimba sasa, na Danieli akapita masale akiunguruma na kulia, akavuka ua, kuku wakatawanyika, mpaka gurudumu likagonga kizingiti cha mlango.

Ndani palinuka dawa na uji uliopoa. Anaeli alikuwa mdogo kuliko mto wake. Macho tu ndiyo yaliyokuwa ya zamani.

Danieli akapiga magoti, mguu wa damu ukaacha alama kwenye mkeka. "Anaeli, nilidanganya. Baba alikupa wewe. Nilisikia, nilikuwepo, nikadanganya."

"Najua." Ilikuwa pumzi kuliko sauti. "Nilikuwepo na mimi."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Honorata akasogea, akamwekea Anaeli mkono kifuani kuona kama bado anapumua. Kisha midomo ikacheza. Danieli akainama, sikio karibu na kinywa.

"Unguruma tena," Anaeli akasema. "Nilisikia kwa mbali tu."

Danieli akaunguruma. Koo limekauka, sauti imebaki ya kukwaruza, lakini akaunguruma, magoti chini, akishika mkono wa ndugu yake kama anavyoshika usukani. Uso wa Anaeli ukakunjuka, macho yakafumbika. Huko nje kijiji kilisimama kimya uani. Mkono wa Honorata haukuondoka kifuani pa mumewe, wala hakusema kama bado kinapanda na kushuka. Na Danieli akavuta pumzi nyingine, akaunguruma, akavuta nyingine, hathubutu kunyamaza.